Kinubi Kile Kile

Mazungumzo ya redio ya jioni, kama yalivyosomwa
Somo: 1 Samweli 16:14–23; 18:6–11

Tunawasalimu ninyi mlio na jamaa zenu, chakula kikiwa mekoni na watoto wakipiga kelele. Tunawasalimu pia ninyi mlio peke yenu chumbani, ambao sauti ya redio hii ndiyo sauti ya kwanza kuingia humo tangu asubuhi. Mazungumzo ya leo ni ya hao wa pili hasa. Lakini wale wa kwanza nao wakae wasikilize, kwa maana huenda mpweke tunayemsema ni jirani yao.

Twende moja kwa moja kwenye somo letu. Mfalme Sauli alikuwa mtu mpweke. Ni rahisi kulipita jambo hili, kwa sababu tunaposoma habari zake tunaona majeshi, watumishi na wana. Lakini Roho wa Bwana alikuwa amemwacha. Samweli, mzee aliyempaka mafuta, alikuwa amerudi kwake Rama wala hakuja kumtazama tena. Mfalme alikuwa na hofu ambayo hakuna mtumishi aliyeweza kuishika kwa mkono na kuitoa nje. Ndipo watumishi wakashauri atafutwe mtu ajuaye kupiga kinubi, na akaletwa kijana Daudi kutoka Bethlehemu. Kila hali ile ilipomjia mfalme, Daudi alikitwaa kinubi akapiga, na Sauli akaburudika.

Wengi wetu tunapohubiri juu ya uimbaji huishia hapo. Sura ya 16 inafaa sana siku ya mashindano ya kwaya! Lakini hebu, msikilizaji, fungua sura ya 18. Kinubi ni kile kile. Mkono ni ule ule. Anayesikiliza ni yule yule, na nyumba ni ile ile. Mwandishi anatuambia wazi kwamba Daudi alipiga kama alivyozoea kupiga siku zote. Lakini safari hii Sauli alikuwa na mkuki, akaurusha ili ampigilie Daudi ukutani. Daudi akamkwepa, tena mara mbili.

Ni nini kilichobadilika? Si nyuzi za kinubi. Katikati ya sura hizo mbili ulipita wimbo mwingine. Wanawake walitoka katika miji na matari kuwalaki mashujaa, wakiimba na kucheza, wakamhesabia Sauli maelfu yake na Daudi makumi elfu yake. Kwa wanawake hao ulikuwa wimbo wa furaha, na bila shaka askari waliokuwa wakitembea na vumbi miguuni waliupokea kama shukrani. Mtu mmoja tu katika umati ule aliusikia kama habari kwamba ufalme unamtoka. Tangu siku hiyo Sauli hakuweza tena kukisikia kinubi peke yake. Alisikia kinubi cha Daudi.

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Elgon tunaweza kulielewa jambo hili kwa karibu. Kinubi cha Daudi hakikuwa kile kikubwa cha kusimama sakafuni tunachokiona katika picha za Ulaya. Kilikuwa chombo cha kubebwa mkononi, chenye mikono miwili, mti uliolala juu yake, na nyuzi zinazoshuka hadi kwenye sanduku la sauti. Yeyote aliyelelewa Kimilili, Chwele au huku Kitale atasema mara moja, "Hilo si litungu?" Naye hakosei sana, maana litungu la Wabukusu ni la ukoo huo huo. Ni bakuli la mti lililowambwa ngozi, na nyuzi saba au nane, ambazo zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe na siku hizi ni za nailoni.

Sasa litungu likipigwa kanisani Jumapili, tazama nyuso za watu. Mzee mmoja anafumba macho, anatikisa kichwa polepole. Amerudi kwa babu yake, jioni, ng'ombe wakiwa wamefungwa. Mama aliyekaa mbele yake amekaza shingo. Kwake litungu ni pombe ya baba yake, na ni usiku ambao watoto walilala kwenye mahindi wakingoja sauti ziishe. Wote wawili ni Wakristo wema na wote wawili wanaimba kwa roho. Halafu baada ya ibada wanabishana kama litungu linafaa kanisani au halifai, kila mmoja akidhani wanazungumza juu ya chombo. Tumewahi kuhudhuria mikutano mirefu sana juu ya jambo hili. Kwa maoni yetu, mingi ingekuwa mifupi kama mtu angeuliza tu, "Ndugu, wewe ulilisikia wapi kwanza?"

Hayo ni ya kanisani, ambako watu ni wengi na mmoja akichukia anaweza kutoka nje. Mtu akiwa peke yake, mambo ni makali zaidi.

Mnaijua Matisi, nje kidogo ya mji wa Kitale. Watu wake wametoka pande nyingi. Wako waliokuja kutoka Bungoma na Kakamega kutafuta kibarua katika mashamba ya mahindi au mjini. Wako wengine waliofukuzwa makwao na ghasia, kama zile za Mlima Elgon za miaka ya 2006 hadi 2008, au zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakaanza maisha upya kwa sufuria moja. Nyumba nyingi za kupanga ni vyumba vilivyojengwa mstari mmoja, na ua mmoja na mfereji mmoja. Kati ya chumba na chumba ni mabati au mbao. Ukikohoa, jirani wa chumba cha tatu anakwambia pole. Mtu angefikiri kwamba mahali kama hapo hapana upweke. Upo mwingi. Unaweza kumsikia jirani akigeuka kitandani kwa mwaka mzima usijue kwao ni wapi.

Kikundi chetu cha kuwatembelea wafiwa na wagonjwa kilikwenda huko Jumapili moja baada ya ibada. Tulikuwa sita. Tulimwendea mama mmoja mjane, ambaye mumewe alikuwa fundi wa baiskeli, naye alikuwa amezikwa miezi mitatu nyuma huko kwao Bungoma. Chumba kilikuwa safi. Pampu ya baiskeli ilikuwa imesimama kwenye kona karibu na kitanda.

Tulipokwisha kusalimiana, mzee wa kanisa aliyetuongoza akamwuliza, "Mama, tumekuja kukaa na wewe. Je, tuimbe?"

"Imbeni, baba," akajibu, "lakini msiimbe ule."

Hakutaja ni upi, wala haikuwa lazima. Kila kanisa lina wimbo wake wa makaburini ambao kila mtu anaujua kwa kichwa.

"Walipokuwa wakishusha sanduku, mlikuwa mmefika ubeti wa tatu," akasema. "Tangu siku hiyo nikiusikia naona udongo tu."

"Basi tuimbe upi, mama?"

Akafikiri kidogo. Kisha akasema, kama mtu anayeona haya, "Ule wa watoto wa Sande skuli. Wa kupiga makofi."

Akatueleza kwamba mumewe aliuimba alipokuwa akiziba pancha. Aliuokota kwa watoto waliopita njiani mbele ya kibanda chake, na maneno hakuyajua yote. "Wala hakuwa mtu wa kanisa sana," akaongeza, "ninyi wenyewe mnajua." Basi tukauimba, watu wazima sita, na mzee wetu ambaye amepita miaka 70 akipiga makofi kama mtoto wa darasa la pili. Mama yule akacheka. Halafu akalia. Halafu akawasha jiko akatupikia chai.

Wakati tunakunywa chai, kijana mmoja akaja mlangoni, akasimama nje. Alikuwa mpangaji wa chumba kinachofuata, kijana wa kubeba mawe na kuchanganya simiti mjini.

"Hamjambo wazee. Samahani," akasema. "Nimewasikia mkiimba. Naomba mkitoka hapa mniimbie na mimi wimbo mmoja. Ule wa kukhu."

Kukhu ni nyanya, kwa Kibukusu. Nyanya yake alimlea huko Kimilili, na alikuwa na wimbo aliouimba kila jioni akipukuchua mahindi. Kijana hakuwa amefika nyumbani tangu Desemba kwa kukosa nauli na kitu cha kupeleka. Akauanza kwa mdomo uliofumbwa ili tuujue ni upi. Wapendwa, ulikuwa ni ule ule.

Mzee wa kanisa akautazama ukuta wa mabati. Sisi sote tukautazama. Upande huu mtu ambaye wimbo ule ni udongo juu ya mumewe. Upande ule mtu ambaye ni mikono ya nyanya yake. Kati yao hapana hata nchi moja ya unene. Kumwimbia mmoja ni kumwumiza mwingine, na hakuna kati yao aliye na kosa.

"Kijana," mzee akasema, "maliza chai, halafu utusindikize."

Akatusindikiza hadi karibu na barabara, mahali palipo na shamba la mahindi upande mmoja. Hapo tukasimama tukamwimbia wimbo wa kukhu, bodaboda zikipita na watu wakitutazama. Kijana aliimba bezi. Ubeti wa tatu tuliuimba mara mbili kwa sababu yeye aliutaka. Kisha akarudi nyumbani, na sisi tukaenda zetu.

Mpaka leo mama yule hajauomba wimbo ule. Huenda siku moja akauomba, huenda asiuombe. Haikuandikwa popote kwamba ni lazima.

Sulemani alilijua jambo hili. Katika Mithali 25:20 anamlinganisha mtu amwimbiaye nyimbo mwenye moyo mzito na mtu anayemvua mwenziwe nguo wakati wa baridi. Sisi wa Kitale tunajua baridi ya mwezi wa Julai, mvua ikinyesha toka saa nane. Anayekuvua koti wakati huo hata akiwa anatabasamu hakukufanyia wema. Hata hivyo Sulemani hasemi kwamba nyimbo ni mbaya, wala hasemi wenye huzuni waachwe kimya peke yao. Sisi tunamwelewa hivi: kwanza uguse mkono wa mtu ujue kama ana baridi.

Wala si nyimbo tu. Picha nazo ndivyo zilivyo. Huko Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati wa ukoloni, kuna kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari kwa sababu walikataa kula kiapo. Ndani yake mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma sanaa Makerere, alichora ukutani picha kubwa tano mwishoni mwa miaka ya 1950: Kuzaliwa kwa Bwana, Ubatizo, Chakula cha Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, na nchi iliyomzunguka ni nchi ya milima na mabonde kama ile iliyo nje ya mlango wa kanisa.

Fikirini ni nani wamekaa mbele ya picha hizo tangu wakati huo. Amekaa mjane wa mtu aliyeuawa kwa kukataa kiapo. Katika nchi ile ile wako wajane wa watu waliokula kiapo, wakafa msituni au kizuizini, na watoto wa hao nao ni watu wa kuja kanisani. Msalaba ni mmoja ukutani. Hatudhani kwamba Msulubiwa aliwaambia wote neno moja. Na ile ya Gethsemane, ambapo Bwana anaomba na rafiki zake wamelala! Mama aliyekesha peke yake hospitalini na mtoto mgonjwa atamwona Bwana, aseme, "Ananijua." Mwingine aliyesinzia saa ile mama yake anakata roho atawaona wanafunzi, na macho hayatamtoka hapo. Huyo wa pili anahitaji mtu wa kukaa naye zaidi ya yule wa kwanza.

Tena si lazima wawe watu wawili. Padri mmoja Mholanzi, Henri Nouwen, mwaka 1983 akiwa Ufaransa, amechoka na safari ndefu ya kuhutubia, aliona mlangoni picha iliyochapwa ya mchoro wa Rembrandt, ule wa mwana mpotevu amepiga magoti mbele ya baba yake. Ulimshika hata mwaka 1986 akasafiri hadi Leningrad ulikotundikwa mchoro wenyewe, akaketi mbele yake kwa saa nyingi. Mwanzoni alijiona yeye ndiye kijana aliyepiga magoti, akitamani mikono ile mabegani mwake. Baadaye rafiki akamwuliza kama hafanani zaidi na yule kaka mkubwa aliyesimama kando. Baada ya muda akaambiwa tena kwamba sasa imempasa awe baba. Mchoro haukuongezwa rangi hata tone. Miaka ilikuwa imempitia mtazamaji.

Sasa tuseme na wewe uliye peke yako. Labda ulikuwa na wimbo uliokubeba miaka mingi, na sasa ukiuimba hauna ladha, ni maneno matupu. Au umekuwa mchungu kiasi cha kuzima redio ukianza. Watu wengine watakuambia kwamba imani yako imepoa. Usikubali upesi. Wana wa Israeli walipokuwa ugenini Babeli, kama Zaburi ya 137 inavyotueleza, walivitundika vinubi vyao kwenye miti kando ya maji, kwa sababu waliowateka walitaka wawaimbie kwa mchezo. Hawakuvivunja, wala hawakuvitupa mtoni. Waliona tu kwamba wimbo wa nyumbani hauimbiki mahali pale, siku ile, mbele ya watu wale. Na Mungu, badala ya kuwakemea kwa kunyamaza kwao, aliacha kunyamaza huko kuandikwe katika kitabu cha nyimbo!

Tundika wimbo wako ukihitaji. Chukua mwingine, hata ule wa watoto. Ukiona picha ya Bwana imekuwa nzito, igeuze. Bwana mwenyewe hakugeuka. Na kama jirani anakuimbia wimbo unaokuumiza, mwambie, kama mama yule alivyotuambia. Maneno yake yalikuwa mafupi sana, "msiimbe ule," lakini yalitusaidia kumjua kuliko salamu zote tulizokuwa tumepeana kabla.

Nanyi mnaotembelea watu, ulizeni. Wako wanaoona kwamba kuuliza kunapunguza heshima ya ibada, kwamba mzee wa kanisa anapaswa kujua wimbo ufaao. Sisi hatuoni hivyo. Bwana wetu alimwuliza kipofu wa Yeriko anataka afanyiwe nini, na yule alikuwa kipofu mbele ya macho ya watu wote. Hapo hapakuwa na fumbo, hata hivyo aliuliza.

Sisi tunaosema katika redio tuna shida ambayo wale wa kutembea kwa miguu hawana. Wimbo uliofungua kipindi hiki ulichaguliwa kwa maombi, lakini umeingia vyumba vingi kwa mara moja, na hatuwezi kuwatoa wengine nje hadi barabarani kama tulivyofanya Matisi. Ukuta wetu ni wa mabati kila mahali. Kwa hiyo kama kuna mtu jioni hii amesikia wimbo ule akauweka mkono wake juu ya kitufe, asizime kwa aibu. Azime kwa amani, afungue tena baada ya dakika tatu. Sisi tupo.

Tuombe.

Bwana, uliye karibu na waliovunjika moyo, uwe pamoja na mama huyu wa Matisi jioni hii, na kijana aliye ng'ambo ya ukuta wake. Umpatie kijana nauli. Uwakumbuke walio katika wodi za Kitale na Bungoma ambao leo hawakupata mgeni, na wale waliopata mgeni aliyesema sana. Utupe masikio kabla ya midomo, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.